Priestley, Miller au Ibsen: tamthilia ipi ya uwajibikaji uipeleke jukwaani?

Kikundi kikishakubaliana kwamba kinataka mchezo kuhusu wenye nacho na wasio nacho, kuhusu wazee waliokosea na watoto wanaowahoji, majina matatu huwa hayakosi kutajwa. Mmoja anataka An Inspector Calls ya Mwingereza J. B. Priestley. Mwingine hasikii la mtu, anataka All My Sons ya Mmarekani Arthur Miller. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye aliyesoma kuliko wenzake na hachoki kuwakumbusha, anasema Miller mwenyewe alijifunza kwa Mnorwe Henrik Ibsen, basi twende kwenye chemchemi: An Enemy of the People. Kila mmoja ana hoja. Na ukizieleza kwa sentensi moja, zote tatu zinafanana: mtu mwenye heshima zake, madhara yaliyofichwa, familia inayopasuka mbele ya macho yetu.

Zinapoachana ni kwenye swali la lawama inaangukia wapi. Priestley anaigawa kwa watu watano, kila mtu na fungu lake. Miller anamtwika baba mmoja, kisha anatuonyesha waliokula jasho la kosa lake bila kuuliza. Ibsen anausimamisha mji mzima kizimbani, na hata msema kweli wake hatoki akiwa msafi. Ukijua unataka watazamaji warudi nyumbani na lawama ya aina gani, nusu ya uamuzi umeshaufanya. Nusu iliyobaki ni hesabu za waigizaji, maleba na ruhusa.

Nitataja miisho yote mitatu. Huwezi kuchagua mchezo wa kuigiza bila kujua unavyokwisha.

Vigezo

Nitazipima kwa maswali manne. Kosa ni la nani, na linasambaaje? Tabaka linaonekana kwenye nini pale jukwaani, ukiacha hotuba? Vijana wanagombana vipi na wazazi wao, na mzee naye anapewa nafasi ya kujitetea? Mwisho ni kazi yenyewe: watu wangapi, mandhari ngapi, haki za nani. Kigezo cha "ujumbe mzuri" nimekiacha makusudi. Zote tatu zina ujumbe, na hicho ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukiharibu jukwaani.

Kosa ni la nani

An Inspector Calls iliandikwa Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni. Ilionyeshwa kwanza Umoja wa Kisovyeti mwaka 1945, kwa kuwa London haikupatikana kumbi iliyo wazi, kisha ikafika London mwaka 1946. Lakini hadithi yenyewe inarudi nyuma hadi 1912, katika Brumley, mji wa viwanda wa kubuni nchini Uingereza. Familia ya Birling inasherehekea uchumba wa binti yao, Sheila, na Gerald Croft. Anaingia mtu anayejitambulisha kama Inspekta Goole. Msichana aitwaye Eva Smith amekufa baada ya kunywa dawa ya kuua vijidudu.

Mmoja mmoja wanakutwa na mkono wao. Arthur Birling, mwenye kiwanda, alimfukuza kazi mwaka 1910 kwa kuongoza mgomo. Wafanyakazi walikuwa wanapata shilingi 22 na nusu kwa wiki, wakaomba 25. Sheila alimfukuzisha dukani kwa hasira na wivu. Gerald alimweka kimada, halafu akamwacha. Eric, mtoto wa kiume, alimlazimisha, akampa mimba, akaiba fedha za ofisi ya baba yake ili amsaidie. Sybil, mama mtu, aliyekuwa na sauti kubwa katika kamati ya chama cha hisani, alihakikisha msichana huyo ananyimwa msaada. Ukimwondoa Eric, hakuna aliyefanya jambo ambalo polisi wangemkamata kwalo. Hapo ndipo Priestley anapokubana: alichokuja kukichunguza huyo inspekta si uvunjaji wa sheria.

Mwandishi ameacha mwanya kwa makusudi. Inspekta anamwonyesha picha mtu mmoja kwa wakati mmoja, wengine hawaioni. Akishaondoka, Gerald anaupata mwanya huo: huenda zilikuwa picha tofauti, wasichana tofauti, na huyo bwana hakuwa polisi kabisa. Simu inapigwa hospitali, hakuna msichana aliyeletwa. Birling anacheka, anamimina kinywaji. Sheila na Eric hawacheki. Kwao, mambo waliyoyatenda wameyatenda, awe alikufa mtu au hakufa. Halafu simu inalia: msichana amefariki sasa hivi akipelekwa hospitali, na inspekta yuko njiani.

Ukiichagua tamthilia hii, ipime kwa dakika hizo zinazofuata baada ya inspekta kutoka. Vikundi vingi humaliza nguvu zote kwenye mahojiano, halafu kipande hiki wanakikimbiza kana kwamba ni mkia tu. Kumbe mahojiano ni maandalizi. Mtihani wenyewe ni pale familia inapopewa nafasi ya kuponyoka, tukaangalia nani anaichukua.

Miller alikwenda njia nyingine. Chanzo cha All My Sons, iliyofunguliwa New York Januari 1947 chini ya uongozaji wa Elia Kazan, ni kisa alichosimuliwa cha binti aliyemripoti baba yake mwenyewe kwa kuliuzia jeshi vifaa vibovu wakati wa vita. Kwenye mchezo, binti akawa mtoto wa kiume, na baba akawa Joe Keller. Kiwanda chake kilitoa silinda hedi zenye nyufa kwa ajili ya injini za ndege. Nyufa zikachomelewa juu juu, mzigo ukapelekwa, ndege zikaanguka, marubani 21 wakafa. Joe siku hiyo alikuwa "mgonjwa", amri aliitoa kwa simu. Mshirika wake, Steve Deever, yuko gerezani. Yeye Joe alishinda rufaa, akarudi, akatajirika tena.

Hapa hakuna mgawanyo sawa. Kosa ni la Joe, tunajua hivyo mapema kuliko Chris, mwanawe, anavyotaka kujua. Ila Miller hawaachii wengine watoke bure. Kate, mkewe, anajua. Anashikilia kwamba mwana wao Larry, rubani aliyepotea vitani, yuko hai, kwa sababu akikubali kwamba Larry amekufa atakuwa amekubali kwamba baba mtu ndiye aliyemuua. Majirani wanahisi, na bado wanakuja kucheza naye karata. Chris anakula mshahara wa kiwanda hicho hicho.

Ya Ibsen, iliyochapishwa mwaka 1882, ina kosa la aina ya tatu. Daktari Thomas Stockmann anagundua kuwa maji ya bafu za tiba, zinazouvutia mji wao wageni na fedha, yamechafuliwa na viwanda vya ngozi vilivyo juu ya bonde. Anadhani atashukuriwa. Kaka yake Peter, ambaye ni meya, anamwambia matengenezo yatagharimu fedha nyingi mno na bafu zitafungwa kwa angalau miaka miwili. Kuanzia hapo kila mtu anapiga hesabu yake: mhariri, mpiga chapa, wenye nyumba. Hakuna aliyeyachafua maji kwa nia mbaya. Dhambi yao ni kwamba sasa wanajua, na wameamua kwa kura kutojua.

Tabaka linaonekana wapi

Kwa Priestley linaonekana mezani. Birling anajisifu kwamba mvinyo aliouweka mezani ni ule ule anaounywa baba yake Gerald, Sir George. Anamsifia mpishi mbele ya mgeni, mkewe anamkanya, maana watu wa daraja lake hawafanyi hivyo. Anasubiri kupewa cheo cha Sir. Yaani hata ndani ya chumba cha matajiri kuna ngazi, na Birling yuko katikati anapanda akihema. Mwigizaji akilishika hilo, Birling anakuwa mtu, haishii kuwa kikaragosi cha bepari.

Udhaifu upo, na ni bora uujue kabla. Maskini wa tamthilia hii ni marehemu ambaye hatumwoni kamwe, na Edna, mtumishi wa nyumba, mwenye maneno machache sana. Watu sita wanamjadili mwanamke wa tabaka la chini, yeye mwenyewe hana sauti. Wako wanaosema hiyo ndiyo hoja ya mwandishi. Nakubali kwa kiasi. Mwongozaji anaweza kusaidia kwa kumwacha Edna jukwaani muda mrefu kuliko hati inavyotaka, akiondoa vyombo, akisikia. Hahitaji hata neno moja la nyongeza.

Kwa Miller tabaka limejificha, na wasiolitafuta hulipita. Joe Keller ni mwenye kiwanda anayeonekana kama fundi. Hakusoma sana, anakaa uani Jumapili na gazeti, anataniana na watoto wa mtaani. Kwa hiyo tunampenda. Tofauti ya daraja iko kati ya washirika wawili: mshirika mkubwa yuko nyumbani na mshirika mdogo yuko gerezani. George Deever, mtoto wa aliyefungwa, akiingia, kila kitu pale uani (kivuli, kinywaji, ukarimu wa Kate) kinageuka kuwa ushahidi.

Ibsen ndiye mkali kuliko wote kwa tabaka la kati. Aslaksen, mpiga chapa na mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba, anahubiri kiasi katika kila jambo. Anamuunga mkono daktari mpaka anapoelezwa na meya kwamba wenye hisa hawatatoa fedha, zitatoka kwa wananchi kwa njia ya mkopo wa mji. Anageuka pale pale. Sijui tamthilia nyingine inayoonyesha vizuri hivi jinsi mtu wa kawaida, si mwovu, anavyonunuliwa kwa hofu ya kodi. Lakini wafanyakazi wenyewe hawaonekani sana, na daktari, akishakasirika, anaanza kuwatukana walio wengi kwa maneno ambayo leo yanachoma masikio.

Vijana na wazee

Nitakuwa mfupi kwa Ibsen kwa sababu hapa ndipo alipo mwepesi. Ugomvi wake mkubwa ni wa ndugu wawili, watu wazima. Petra, binti wa daktari, ni mwalimu mwenye msimamo, anafukuzwa kazi kwa ajili ya baba yake, lakini yuko upande wake tangu mwanzo. Shinikizo la kizazi linatoka juu: mzee Morten Kiil, baba mkwe, mwenye kiwanda cha ngozi kichafu kuliko vyote, ananunua hisa za bafu kwa fedha zilizokuwa urithi wa binti yake na wajukuu. Sasa daktari akisema ukweli, anaufukarisha uzao wake. Ni wazo la kutisha, ila linakuja mwishoni na kupita haraka.

Priestley amepanga vijana upande huu na wazee upande ule. Sheila anaanza akiwa msichana wa kuchezea pete, anamaliza akiwaambia wazazi wake kwamba hawajajifunza lolote. Eric, mlevi na mwenye kosa zito kuliko wote, naye anakataa kufarijiwa. Mpangilio huo ni nadhifu mno kwa ladha yangu. Anayeuokoa ni Gerald. Ni kijana kwa umri, ila akili yake na mali yake ziko kwa wazee, na ndiye anayeileta habari njema kwamba hakuna kilichotokea. Mpe mwigizaji mzuri. Akichezwa kama mlaghai, unapoteza. Akichezwa kama kijana wa kupendeza anayependelea usingizi mzuri, hadhira itamshangilia kwanza na kujishtukia baadaye.

Kwenye kigezo hiki, Miller hana mpinzani, na ndiyo sababu tamthilia yake ni ngumu kuliko inavyoonekana. Chris anampenda baba yake. Vitani aliongoza wanajeshi, wengi wakafa wakijitoa kwa ajili ya wenzao, akarudi nyumbani akiona aibu kumiliki friji na gari. Joe naye ana utetezi, si wa kijinga: nilifanya kwa ajili yako, biashara ingefungwa, familia ingelala njaa, na nionyeshe nani alipigana vita hiyo bure. Ukimsikiliza vizuri, kwa dakika moja huna jibu. Halafu Ann, mchumba wa Chris na binti wa mfungwa, anaitoa barua ya Larry. Larry alisoma gazetini habari za baba yake, hakuweza kuwatazama wenzake usoni, akaruka akijua harudi. Joe anatamka kwamba wale wote walikuwa wanawe, anaingia ndani, mlio wa bunduki unasikika.

Kuna jambo ambalo watazamaji wengi hulikosa na mwongozaji asilikose: Chris naye ana hatia. Sue, mke wa jirani, anasema wazi kwamba mtaa mzima unajua Joe alijinasua kwa ujanja. Je, Chris peke yake ndiye hakujua? Au alichagua kutouliza kwa sababu mshahara ulikuwa unaingia? Ukimcheza kama malaika, umeifanya tamthilia kuwa hadithi ya baba mbaya na mtoto mwema, na hapo heri ungechukua ya Priestley.

Kazi ya jukwaani

An Inspector Calls ina watu saba: wanaume wanne, wanawake watatu. Chumba kimoja cha kulia, saa hazikatiki kati ya sehemu moja na nyingine. Maelekezo ya Priestley yanataka mwanga mwororo wa waridi mwanzoni, unaokuwa mweupe na mkali inspekta akiingia. Ni taa chache tu, na athari yake ni kubwa. Gharama iko kwenye maleba ya 1912. Usidhani umefungwa na chumba hicho lakini. Stephen Daldry, katika onyesho la National Theatre la London mwaka 1992, aliiweka nyumba ya akina Birling juu ya nguzo katikati ya mtaa wenye mvua wa miaka ya vita, nyumba ikaja kuporomoka. Si lazima uporomoshe nyumba. Inatosha kujua hati inavumilia.

All My Sons ina wahusika kumi, mmoja mtoto mdogo. Ua mmoja wa nyumba, mti uliovunjwa na upepo, kutoka asubuhi ya Jumapili hadi usiku wa manane. Mavazi ni ya kawaida. Kinachogharimu ni waigizaji: Joe na Kate wanahitaji watu wazima wenye uzito, na kijana wa miaka 18 aliyepakwa mvi hatamudu. Ni onyo ninalolitoa kwa msisitizo, kwa kuwa mchezo mzima umesimama juu ya mabega ya hao wawili.

An Enemy of the People ina sehemu tano, mahali panapobadilika zaidi ya mara mbili, wahusika kumi na mmoja wenye majina, na umati katika mkutano wa hadhara wa sehemu ya nne. Wanawake wenye nafasi ya kweli ni wawili tu. Kwa upande mwingine, umati huo ni zawadi kwa kikundi kikubwa. Watawanye waigizaji katikati ya watazamaji, wazomee kutoka viti vya nyuma, na kura ya kumtangaza daktari kuwa adui ipigwe ukumbini. Pia inachekesha, Ibsen mwenyewe alimwandikia mchapishaji wake kwamba hana hakika kama aiite komedi au drama. Ukiicheza kwa uso uliokunjwa mwanzo hadi mwisho, umeiua.

Ruhusa zinatofautiana. Ibsen alifariki mwaka 1906, maandishi yake ya asili hayana mwenyewe tena, na zipo tafsiri za zamani zilizo huru, kwa mfano ya Eleanor Marx, binti wa Karl Marx, ya mwaka 1888. Tafsiri mpya zina wenyewe. Priestley alifariki 1984, Miller 2005, kwa hiyo kuigiza au kutafsiri kazi zao kunahitaji kibali cha wanaomiliki haki. Hali ni hiyo hiyo kwa toleo la Miller la mchezo huo wa Ibsen, lililofunguliwa mwaka 1950, ambalo limefupishwa na kupunguzwa makali ya daktari dhidi ya umma. Omba kibali kabla ya kuanza mazoezi.

Uchague kwa hali yako

Kama waigizaji wako ni vijana wengi, muda ni mfupi na unataka mjadala uendelee baada ya pazia, An Inspector Calls itakubeba. Wanafunzi wanaielewa haraka, na swali la "fungu lako ni lipi" halihitaji maelezo. Itakuchosha tu ikiwa kikundi chako kimechoka na mafunzo yanayotamkwa waziwazi. Hotuba ya mwisho ya inspekta haifichi inachotaka.

Una wazee wawili wazuri wa jukwaa, na watazamaji wanaokuja kuona familia kuliko hoja? Nenda kwa Miller. Inafaa pia pale ambapo unataka kuzungumzia biashara na maisha ya watu bila kumfanya mfanyabiashara kuwa shetani. Kikundi kisicho na subira kiiache, kwani sehemu ya kwanza inakwenda polepole, na polepole hiyo inahitajika.

Kikundi kikubwa, ukumbi unaoruhusu fujo, mada ya ukweli na wengi, na mfuko usio na fedha za vibali: Ibsen. Lakini amueni mapema mtafanya nini na hotuba ya daktari katika sehemu ya nne. Mkiipunguza, daktari anakuwa shujaa na mchezo unapungua uzito. Mkiiacha yote, baadhi ya watazamaji wataondoka wakiwa upande wa meya. Ningeiacha, nikakata marudio peke yake.

Na kama ugomvi wa vizazi ndio uliowaleta pamoja, Ibsen muondoeni kwenye orodha leo, mbaki na wawili. Hapo swali ni kama kijana wenu atawahukumu wazazi akiwa nje ya kosa lao au akiwa ndani yake. Someni kwa sauti sehemu ya tatu ya kila moja, jioni moja kila moja, kwa waigizaji mlio nao na si mnaotamani kuwa nao. Mtakapokwama zaidi kwa sababu hamna wa kuibeba, muiache.